Maneno ya Mtu wa Dirishani

Ofisini kwetu kuna vijana wanaopenda filamu kuliko chakula. Juzi mmoja wao, binti mpole tu, alinijia mezani na flashi mkononi. "Dada, hii lazima uione," akasema. "Ni ya mwandishi mmoja anahangaika na kitabu chake. Utalia, nakwambia." Nikamshukuru, nikaitia flashi kwenye droo, nikafunga. Hakujua kwamba si muda mrefu tangu nimzike baba. Wala hakujua kwamba filamu za waandishi mimi nilianza kuzililia nikiwa na pengo la meno ya mbele.

Nimeziona nyingi tangu hapo, kwa ukaidi tu. Zote mama mmoja, baba mmoja. Mwanamume yuko mbele ya karatasi, nje mvua inanyesha, anaandika mstari, anakunja, anatupa. Mkewe anapita nyuma yake na kikombe cha kahawa, kisha siku moja anapita na begi. Mwisho kitabu kinatoka, ukumbi unapiga makofi, na sisi tunatakiwa tukubali kwamba taabu yote ile ilistahili. Hakuna hata moja inayoonyesha nani alikuwa anaosha vyombo nyumba ile. Mimi hukaa nikaziangalia mpaka mwisho, nikizisengenya kimoyomoyo, na bado hulia.

Mliokulia Dodoma rika langu, vibanda umiza, vile vya kuonyeshea video, mnavijua. Chetu kilikuwa Makole, mabati pande zote, magunia yametundikwa mlangoni kuzuia mwanga, mabenchi ya mbao yasiyopigwa randa yaliyotuchana sketi. Ndani palinuka vumbi lililoungulia juu ya televisheni, jasho na karanga za kukaanga. Mwezi wa sita upepo ukianza, mabati yalipiga kelele hata risasi za kwenye picha hazisikiki. Mwenye kibanda alikuwa Mzee Abeid, mtu wa mjini hasa, ambaye babu zake walifika na misafara ya biashara wasiondoke tena. Alikaa mlangoni na kofia yake ya mkono, akiwapokea wateja kama wageni wa harusi.

Mtafsiri wa pale alikuwa baba yangu. Sauti ya televisheni ilishushwa mpaka karibu na kuzimika, yeye akakaa kando kwenye kigoda na maiki, akawasemea wote: stelingi, adui, polisi, bibi harusi, mpaka mbwa. Alikuwa amefundisha shule ya msingi kabla ya kuacha kazi ili aandike kitabu, kwa hiyo watu walimwita Mwalimu, na Kiingereza alikijua. Kichina hakujua hata la kuombea maji, lakini picha za Kichina alizitafsiri vilevile na hakuna aliyewahi kulalamika. Kitu kimoja tu hawakukivumilia watazamaji, nacho ni kimya. Mtu wa kwenye picha akikaa bila kufungua mdomo, benchi la nyuma linaanza, "Mwalimu, anasema nini huyo?" Baba hakuwahi kujibu kwamba hasemi kitu. Mtu kaacha shughuli zake kaja kukaa gizani, utamwambiaje kwamba hakuna kitu. Alijaza mwenyewe.

Nyumbani tulikaa vyumba viwili, kimoja chetu na kimoja cha bibi mzaa baba. Baba aliandika asubuhi, meza imeelekea ukutani, mgongo wake kwetu. Nilijifunza kuusoma mgongo ule. Ukiinama, kazi inakwenda. Ukinyooka, mama ananifanyia ishara nitoke nje. Nikimuuliza alichokuwa akifanya, alisema sentensi bado haijakaa. Mimi nilichungulia karatasi, nikaona maandishi yametulia vizuri tu, nikajua watu wazima wana matatizo yao.

Mdogo wangu Yusufu alikuwa ndiyo kwanza anaanza kusimama kwa kushika kitanda. Baba alikwenda Dar es Salaam kupeleka kitabu kwa wachapishaji, na akiwa huko Yusufu akashikwa na homa. Usiku degedege, asubuhi hospitali, mchana tukarudi naye amefunikwa kanga ya mama. Simu ya kumpata baba hatukuwa nayo. Alizikwa siku ileile kabla ya magharibi, kama ilivyo kwetu. Mtoto akifa, baba yake ndiye hushuka kaburini kumpokea mikononi na kumlaza. Yusufu alipokewa na Mzee Abeid.

Baba alifika kesho yake. Viatu vimejaa vumbi, bahasha kwapani, anatabasamu. Nilikuwa nimekaa mlangoni nikamwona anavyokuja mbiombio. Akaruka kizingiti kabla hajatazama waliomo, akasema, "Mama Rehema, wamekipenda. Wamesema nirekebishe mwisho tu." Ndipo akawaona wanawake wamekaa kwenye mikeka, na mama katikati yao, kichwa kimefungwa.  Bibi ndiye aliyeinuka, akamshika mkono, akamtoa nje.

Nimefikiri sana juu ya siku zilizofuata. Ninachokikumbuka ni kwamba baba hakusema lolote. Alipokea pole za watu, alisoma dua, alileta maji, alichanja kuni. Kwa mama hakufungua mdomo. Mtu aliyewasemea Wachina na mbwa, kwa mke wake alikosa neno. Na mama alikuwa anangoja, hilo hata mimi mtoto niliona, maana kila baba alipoingia chumbani aliacha alichokuwa akifanya na kumtazama. Baba aliinamisha kichwa, akapita. Arobaini ilipokwisha, mama akafungasha, akapanda treni mpaka Gulwe, akaenda kwao Mpwapwa. Alitaka kwenda nami, bibi akasema mtoto yuko shule, aachwe amalize mwaka. Pale kituoni mama alinivuta akaninusa kichwani muda mrefu, kisha treni ikaondoka.

Sasa ndiyo ikaja ile picha. Mzee Abeid alinunua mikanda ya video kwa mafungu, akichagua kwa kutazama kasha. Kasha hili lilionyesha mzungu mwenye koti refu, amesimama gizani, mkono mfukoni. Mzee Abeid akajua moja kwa moja kwamba mkono ule umeshika bastola. Akaandika kwa chaki kwenye kibao cha nje, LEO VITA KALI, na vijana wa sokoni wakajaa mpaka mlangoni. Basi yule mzungu akaingia chumbani kwake, akatoa mkono mfukoni, akatoa kalamu. Akakaa mbele ya taipureta. Picha nzima ikawa hiyo.

"Mwalimu, mbona hapigani?" vijana wakaanza. Baba akawatuliza, akasema subirini, huyu ana adui mkubwa, yumo humo humo chumbani. Wakasubiri. Mke wa mzungu akapita, wakazozana, mke akachukua begi akaondoka. Kisha kikafika kipande ambacho sitakisahau. Mzungu amekaa dirishani, nje mvua, hafanyi kitu. Anatazama nje tu, dakika nenda dakika rudi, na kamera haimwachi. Benchi la nyuma likaanza kupiga miguu. "Anasema nini huyo? Mwalimu, anasema nini?"

 Baba akasogeza maiki. "Anasema," akaanza, akameza mate. "Anasema alikuwa na mtoto."

Pakatulia. Baba akaendelea, maneno yanakuja moja moja. Mtoto alikufa yeye akiwa safarini na karatasi zake. Alipozikwa, aliyeshuka kumpokea alikuwa mtu mwingine. Kwenye televisheni mzungu alipitisha mkono usoni, kana kwamba amesikia. Mzee Abeid pale mlangoni alivua kofia, akaivaa tena. Na mwishoni kabisa mwa picha, meza ikiwa imejaa karatasi zilizopangwa vizuri, mlango ulifunguka akaingia mwanamke, akaweka begi chini, akazitazama karatasi zile. "Huyu ni mke wake," baba akasema. "Kitabu kimekwisha. Amerudi."

Nyie, mimi niliamini kila neno. Niliamini kwamba Ulaya kuna mtu yalimpata yaliyotupata. Niliwaambia wenzangu shuleni kwamba wazungu nao, mtoto akifa, baba hushuka kaburini kumpokea, na mwalimu wa darasa akanitazama asijue aanzie wapi. Zaidi ya yote nilijua sasa sheria yenyewe ilivyo. Mama atarudi kitabu kikiisha. Jambo jepesi kumbe, na hakuna aliyekuwa ameniambia. Tangu siku hiyo kila asubuhi nilisimama nyuma ya ule mgongo nikauliza, "Baba, umemaliza?" Mwanzoni alicheka. Baadaye alisema, "Nikimaliza utakuwa wa kwanza kujua, mama." Nilimchongea penseli, nikafukuza kuku dirishani, nikawanyamazisha watoto wa jirani kwa mawe.

Picha ile, badala ya kufa, ikapendwa. Wanawake wa sokoni ambao hawakuwahi kukanyaga kibandani wakaanza kuja alasiri, kanga mabegani, wakikaa mbele. Wakaiita Ile ya Dirishani. Mzee Abeid akafuta VITA KALI.

Siku moja, mkanda ukiwa katikati, niligeuka nikamwona mama. Alikuwa amekaa benchi la mwisho, pembeni, na kikapu miguuni. Sikujua ameingia saa ngapi. Nadhani alikuja kuniona mimi, akatukosa nyumbani, bibi akamwelekeza. Baba alikuwa akitazama televisheni, hakumwona. Nilitaka kukimbilia kwake, lakini kipande cha dirisha kilikuwa kinaanza, nikajua kwamba hiki ndicho anachotakiwa kukisikia, nikakaa.

Siku hiyo baba alikuwa hajiwezi. Sauti ilikwama. "Anasema," akasema. "Anasema mke wangu. Niliingia nyumbani nikaanza habari za karatasi. Mtoto ameshafukiwa, mimi nasema karatasi. Sikujua. Lakini hata nilipojua sikusema kitu. Nilipaswa kushuka mimi. Nilipaswa kuwepo. Basi, sijui. Nisamehe." Akanyamaza kabla kipande hakijaisha, na mzungu akabaki pale dirishani bila mtu wa kumsemea. Vijana walianza kunung'unika. Nikageuka. Mama alikuwa ameficha uso kwenye kanga, mabega yanatikisika.

Picha ilipokwisha wakakutana pale mlangoni kwenye jua, baba maiki bado mkononi, waya unamfuata. "Umefika," baba akasema. "Nimefika," mama akasema.  Baba akayatazama magunia, mama akanitengeneza ushungi wangu ambao haukuwa na kasoro. Kisha akasema, bila kumtazama mtu, "Jumamosi nitakuja." Akaenda kuwahi treni. Mimi nikamtazama baba nikaona anavuta pumzi kama mtu aliyetua mzigo.

Juma lile baba aliandika kama amepandwa na kitu. Alikuwa akitembea chumbani akitikisa kidole, anasema maneno, anayarudia, anabadilisha moja, anayarudia. Nilijua kitabu kinakwisha. Jumamosi bibi alinivalisha gauni la Iddi. Kibandani niliweka sweta langu kwenye benchi, kando yangu, kumwekea mama nafasi, nikagombana na mama mmoja mnene wa sokoni aliyetaka kukalia.

Sijawahi kumsikia baba akitafsiri kama alivyotafsiri Jumamosi ile. Kipande cha dirisha kilipofika hakumeza mate. Alikijaza chote, tangu mvua inaanza mpaka inakatika. "Mke wangu," alisema, "karatasi ni nyepesi, ndiyo maana nilikimbia nazo. Mtoto ni mzito, nikawaachia watu wengine wambebe. Leo nimekaa hapa, na mikono yangu hii miwili haina kazi, maana ilikosa kazi yake siku ile moja." Yule mama mnene alilia mpaka akajifunga kanga usoni. Vijana wa sokoni, wale wa kupiga miguu, walikaa wameinamisha vichwa. Mimi nilikuwa najigeuza kila mara kutazama magunia ya mlangoni, nikiomba yafunguke wakati maneno bado ni matamu hivyo. Yalikuwa yakitikisika, lakini ni upepo.

Mama hakuja. Tulimngoja na treni iliyofuata, na Jumamosi nyingine. Hakuleta salamu. Mimi sababu niliijua, nikamwambia baba: kitabu hakijaisha, ndiyo maana. Akasema, "Huenda ni kweli." Shule ilipofungwa mjomba akaja kunichukua kunipeleka Mpwapwa, na maisha yangu yakawa huko, na ng'ombe wa babu, na baridi ya milimani. Makole nikawa mtu wa likizo tu. Kila likizo nilikuta mgongo uleule mbele ya ukuta uleule. "Nikimaliza tu nitakuja kumwona mama yako," alikuwa akisema. Watu wakapata televisheni majumbani, kibanda kikafa, Mzee Abeid akafa, bibi akafa. Baba akazeeka akirekebisha mwisho. Karatasi zake, nilipokwenda kufunga chumba baada ya msiba, mchwa walikuwa wamezila kutoka chini kwenda juu, zimebaki ganda.

Talaka baba hakuwahi kumpa mama, wala mama hakuwahi kuidai. Miaka yote ile, kila mmoja kwake. Kwa hiyo baba alipofariki, mama alijifunga nguo za eda, akakaa ndani Mpwapwa kama mjane yeyote aliyelala na mumewe jana yake. Watu wakashangaa. Mimi pia.

Ile flashi ya yule binti sikuifungua, lakini ilinikera mpaka nikaitafuta picha yetu yenyewe, ya mzungu wa kalamu. Mtandaoni vitu havipotei. Niliiangalia peke yangu, sauti juu, na Kiingereza changu cha ofisini. Dirishani yule mtu hasemi neno hata moja. Mvua tu. Na mwanamke anayeingia mwishoni si mkewe. Ni mwenye nyumba, amekuja kukagua chumba, maana mpangaji wake amekufa na kitabu hakikuwahi kuisha.

Nikaibeba kompyuta nikaenda nayo Mpwapwa. Nilimwambia mama, najua uko eda, si vizuri kukuwekea picha, lakini kuna kitu nataka ukione. Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. "Weka," akasema. Akaangalia huku anachambua. Kilipofika kipande cha dirisha mikono yake ikasimama. Alingoja mpaka mvua ya pale ikakatika.

"Nilirudi, unajua," akasema.

"Ulirudi lini?"

"Jumamosi ile. Nilikuja na begi langu lote, sikuja kutembea. Treni ilichelewa, nikafika mmeshaanza. Nikasimama nje ya magunia, nikasema nisikatize, nikamsikiliza." Akachagua chuya moja, akaitupa. "Alikuwa anayasema yaleyale. Yale aliyoniambia mimi. Ila safari hii alikuwa ameyapanga vizuri zaidi. Watu wanalia humo ndani, na yeye sauti haitetemeki. Nikajua kumbe ni maneno ya kazi. Nikarudi kituoni."

Niliweka kompyuta chini. Nilitaka kumweleza, na maneno yalinijia yote kwa pamoja: kwamba waandishi ndivyo walivyo, kwamba kuyarudia hakukuwa kuyauza, kwamba juma zima lile alitembea chumbani akiyatengeneza kwa ajili yake yeye, ayakute yamekaa vizuri siku atakapofika.

"Mama," nikasema, "alikuwa bado anatafuta maneno."

"Aliyapata siku ile ya kwanza," mama akasema, akauvuta ungo karibu. "Yalikuwa yamenitosha."